Katikati ya Ubao Wako Pako Wazi

Nsimire mwanangu,

Umekwenda Ixelles kusukwa, na ninavyowajua wewe na rafiki zako, kusuka ni kidogo na porojo ni nyingi. Donc nina nafasi. Jua la Juni bado limekaa juu ya paa za Jette, hapa Brussels, kama mgeni asiyejua kuaga. Sombe iko jikoni, nimepunguza moto. Valizi yako iko mlangoni, na ubao wako umeuviringisha ndani ya taulo langu zuri, lile la kijani, bila kuniomba. Bon. Lichukue.

Sitakuandikia habari za sweta wala za pasipoti, wala za kunipigia simu ukifika. Hayo nimeshayasema mpaka umeanza kunimalizia sentensi. Nakuandikia jambo moja tu, lile uliloniuliza Jumapili tulipotoka kanisani, nikakujibu vibaya.

Uliniuliza kama kesho asubuhi, kabla ya uwanja wa ndege, nitakuja karakana kwa tonton Rawiri, mwalimu wetu wa kuchonga, nisimame nikutoe. Kwa watu wake, mtu haendi kwa wenyeji kama mzigo uliopotea njia. Lazima mtu wa damu yake asimame, ataje mlima wao, maji yao na watu wao, halafu amkabidhi. Na wewe unakwenda mbali, New Zealand, nchi ambayo wenyewe wanaiita Aotearoa, ukakae kwa Mere, dada yake Rawiri, ujifunze kuchonga mbao kwa njia ya wazee wa Kimaori. Mere amekubali kukupokea, lakini ametaka kukuona ukitolewa na watu wako. Kesho atakuwa kwenye simu anatutazama. Nami nikakwambia nina zamu hospitali. Ulijua sina zamu, kwani ratiba yangu umeibandika wewe mwenyewe kwenye friji.

Naandika Kiswahili cha shule, kile ambacho masista walitufundisha Bukavu huku rula iko mkononi. Mdomoni mwangu unajua kinavyotoka, nusu Kifaransa, nusu hasira. Karatasi nimeipa heshima. Soma kwa sauti, utanisikia.

Wewe unadhani mambo ya kuchonga yalianza na wewe. Yalianza na mimi, tena yalianza vibaya. Papa yako alipotangulia, nilirudi kazini mapema mno. Griet, yule infirmière, muuguzi Mflamandi wa idara yetu, alinikuta chumba cha kubadilishia nguo nakunja taulo ambazo zilikuwa zimeshakunjwa. Hakunipa pole. Aliniambia mume wake, ndiye Rawiri, anafundisha watu kuchonga kila Jumamosi katika gereji moja ya zamani nyuma ya stesheni ya Gare du Nord, na mikono yangu inaonekana inatafuta kazi. Nikasema ndiyo ili aondoke. Jumamosi ilipofika nikakuamsha, twende ukanitafsirie, juu mume wake hakuwa na Kifaransa cha kutosha na mimi sina Kiingereza hata cha kuombea maji. Ulikasirika njia nzima. Ulikuwa umevaa kofia mpaka machoni.

Unaikumbuka siku hiyo ya kwanza? Alituweka duara, wanafunzi wote, akataka kila mmoja ataje mlima wake na maji yake kabla ya kugusa chombo. Yule mzee wa Ardennes akataja kilima chao na mto wao, akataja mpaka jina la ng'ombe wa babu yake. Yule mwanamke wa Uhispania akataja milima yake huku anatokwa na machozi. Ikafika kwangu. Nikasema, "Jette. Gorofa ya nne." Watu walicheka, na mimi nikacheka nao. Rawiri hakucheka. Alisema ataniuliza tena siku nyingine. Halafu ikafika kwako, ukanitazama mimi kwanza, ukasema, "Mimi pia, Jette."

Nilisikia kitu kimenifinya. Lakini nikakamata nyundo nikaanza kazi, kwa sababu hivyo ndivyo nilivyo: nikifinywa, natafuta kitu cha kupiga.

Na nilipiga, Mungu wangu. Patasi niliishika kama mwiko wa bugali. Alitupa kila mtu kipande cha mti wa tilleul, laini, wa wanaoanza, akatuchorea kwa penseli ule mkunjo wao wanaouita koru, jani changa la mti wa kwao kabla halijafunguka. Kazi ni kukata kando ya mstari, polepole, halafu kuipunguza mbao ya upande mmoja mpaka mkunjo usimame wenyewe. Wako ulisimama. Wangu ulitoka kama sikio la mbuzi aliyetoka kupigana. Ulicheka mpaka kofia ikaanguka, na ndiyo mara ya kwanza nilikusikia ukicheka tangu msiba, kwa hiyo sikukuchapa.

Rawiri alikuja akakigeuza kipande changu upande wa pili, akasema nyuzi za mbao zinakwambia zinakataa wapi, na mimi nasikia zinakataa lakini naendelea kupiga. Nikakwambia umtafsirie kwamba hata mimi nakataa. Hukumtafsiria. Ulisema "she says thank you", hicho kidogo nilikielewa.

Siku ileile nilifanya na kosa jingine. Vibanzi vilikuwa vimejaa kwenye mkato, nikainama nikavipuliza, fuu, kama unavyopuliza makala ya moto. Rawiri aliweka mkono wake mkubwa juu ya mbao, haraka, kama mtu anayemfunika mtoto asipigwe na upepo. Akanipa brashi. Akasema mbao ikishaanza kuchongwa si mbao tena, kuna mzee anakuja ndani yake, na mzee hapuliziwi usoni. Nilipokea brashi, moyoni nikasema haya, mambo ya watu. Sikuuliza zaidi. Kutouliza ndilo kosa langu la kila siku, Nsimire. Yale mengine yote yanatoka humo.

Nimejifunza nini kwenye ile gereji? Nimejifunza kwamba patasi butu ndiyo inayokata vidole, siyo kali, kwa sababu ile butu unaisukuma kwa nguvu halafu inateleza. Kovu la gumba langu unalijua. Mimi maisha yangu yote niliamini nguvu ndiyo bidii. Nilikulea hivyo. Papa alipoondoka niliongeza sheria, niliongeza sauti, wewe ukikataa huku mimi napiga hukohuko. Mtu alipaswa kunigeuza upande wa pili, kama Rawiri alivyokigeuza kile kipande. Bon, nimechelewa, lakini sasa hivi ninapoona umenuna, huwa natoka jikoni kwanza, nanoa kitu, narudi. Umeliona hilo? Nadhani umeliona.

Sasa tufike kwenye babula.

Ulipomaliza sekondari nilifanya sherehe hapahapa, na unajua nikifanya sherehe sifanyi nusu. Samaki wa kuchoma, ndizi za makemba, sombe, majirani wa gorofa ya tatu ambao siwapendi, wote. Rawiri na Griet nikawaalika na kuwapa viti vizuri. Babula, lile jiko letu la makaa, niliiweka kwenye balkoni, concierge mlinzi wa jengo alikuwa likizo. Makala yakawa na unyevu, hayashiki. Mimi nikakumbuka mfuko wangu. Kila Jumamosi tukifagia karakana nilikuwa nakusanya vibanzi naleta nyumbani, bila kumwuliza mtu, maana kwangu kitu hakitupwi, na kwetu hakuna kitu kizuri cha kuwashia babula kama vibanzi vikavu. Moto ulishika mara moja. Nilijisifu.

Rawiri alikuwa ameshika sahani, ameanza kula. Akanusa moshi. Akauliza kwa upole kabisa moto umewashwa na nini. Nikamletea mfuko aone akili yangu. Akaingiza mkono ndani, akatoa kibanzi kimoja chekundu, akakitazama. Ndani ya mfuko ule, pamoja na vya kwetu wanafunzi, mlikuwa na vibanzi vya ile nguzo aliyokuwa akimchongea marehemu baba yake, mti aliouagiza kutoka kwao. Aliweka sahani chini. Hakupiga kelele. Alikueleza wewe kwa Kiingereza, na wewe ukanieleza mimi huku uso umekupauka: kwamba vibanzi ni mwili wa kile kinachochongwa, kwamba vitu hivyo na chakula havikutani, na kwamba kwao hakuna anayepikia moto wa vibanzi, hata awe na njaa namna gani.

Hapo ningesema pole, yangeisha. Mimi nikasema, mbele ya watu wote, "Kwetu kuni ni kuni. Na mgeni haachi chakula cha mwenye nyumba." Nikachukua sahani yake nikaipeleka jikoni. Walivaa makoti wakaondoka. Sherehe yako, mwanangu, nikaiua mimi kwa mdomo.

Jumamosi iliyofuata sikwenda, na wewe nikakukataza. Na iliyofuata tena. Nilikuwa na maneno mengi: eti wanatudharau, eti wazungu wa Brussels wanapenda kila kitu cha ajabu isipokuwa cha kwetu. Wewe uliosha vyombo, ukafagia. Ikafika siku moja hapo kwenye mlango wa jikoni, na kitambaa begani, ukanisemesha Kiswahili, wewe ambaye ukikasirika huwa unakimbilia Kifaransa:

"Maman, ya kwao unaikataa. Ya kwetu hauisemaka. Sasa mie nishike nini?"

Nilikwambia funga bomba, maji yanapotea. Lakini neno lile lililala na mimi, likaamka na mimi, likapanda tram na mimi mpaka hospitali. Nilikuwa nawaogesha wagonjwa na kulisikia.

Ndipo nikauchukua ule mfuko na vibanzi vilivyobaki nikaenda peke yangu Gare du Nord. Hilo unalijua nusu tu, nakumalizia. Nilimkuta yuko peke yake anafagia. Nilimwambia kwa Kifaransa nilichokivunjavunja ili kimfae, kwamba nimechoma mwili wa baba yake, na kwamba nilipochoma sikujua, lakini nilipoambiwa nilijivuna, na ile ya pili ndiyo mbaya. Sijui alielewa maneno mangapi. Aliupokea mfuko kwa mikono miwili. Tukapanda gari lake mpaka msitu wa Laerbeek, hapa nyuma kwetu, akachimba chini ya mti mkubwa tukavizika. Yeye aliomba kwa lugha yake. Mimi nikasali Baba Yetu, juu sikujua nyingine ya kumfaa.

Wakati anarudishia udongo nilicheka, na si kwa dharau. Nilimkumbuka maman yangu. Alikuwa akishaosha sambaza, wale samaki wadogo wa ziwa letu, yale maji hayamwagi njiani. Anateremka nayo mpaka ziwani, anayarudisha, na ole wako uyaruke. Tulimcheka watoto wote, na nikiwa mkubwa nikamwonea haya. Kumbe alikuwa mtu mmoja na Rawiri. Akaniuliza nacheka nini, nikamwambia, "Maman yangu aliuza sambaza." Akasubiri. Akaniuliza tena lile swali la siku ya kwanza, mlima gani, maji gani. Nikamwambia twende, giza linaingia. Njiani kurudi nikakusimulia wewe kwenye simu kwamba nimesamehewa, na hilo neno la sambaza likaniponyoka.

Neno moja. Na wewe ulifanya nini nalo? Mere alitaka umletee ubao uliochonga mwenyewe, usio na michoro ya wazee wake. Rawiri tangu mwanzo alituambia mkono atatufundisha, lakini sura za wazee wake hatatupatia, tutafute zetu. Wewe ulikwenda ukachonga ukingo mzima, pande zote nne, samaki wadogo wadogo, wamefuatana, kila mmoja na jicho lake. Sambaza. Hujawahi kuwaona hai. Umewatoa kwenye neno moja lililoniponyoka kwenye simu. Nilipouona ubao ule nilikwenda chooni nikafungua bomba ili usinisikie.

Na katikati ukapaacha wazi. Ukaniambia, "Hapa ni pa koko, mama yako, lakini sina kitu cha kuweka." Nikakwambia baadaye. Baadaye hiyo imekwisha, kesho unaondoka na ubao umefungwa kwenye taulo na katikati pako wazi bado.

Haya. Kaa chini usome.

Mlima wetu ni Kahuzi. Kutoka kwetu unaonekana alfajiri, siku mawingu yakikubali, halafu unajificha. Maji yetu ni ziwa Kivu, pale upande wa kusini linapofunguka kuwa mto Ruzizi. Watu wetu ni Bashi, wa Bukavu, mtaa wa Kadutu, kwenye mteremko, nyumba ambayo mvua ikinyesha tope linaingia mlango wa mbele na kutokea wa nyuma.

Koko wako, Nsimire, ambaye jina lake unalibeba bila kupewa habari zake, aliuza sambaza soko la Kadutu. Alikuwa mfupi, mpana, na sauti yake ilikuwa inamtangulia sokoni. Akipima kwa kikopo, anakijaza, halafu anaongeza kiganja juu, kwa kila mtu, hata kwa mtu aliyemtukana jana. Kitenge chake alikifunga kiunoni mafundo mawili siku zote, kwa sababu siku moja kilimwanguka katikati ya soko na wauza nyama wakapiga makofi, akaapa mbele ya Mungu kwamba hakitaanguka tena. Alicheka mwenyewe akihadithia. Nywele zangu zilinuka samaki shuleni. Nilimchukia kwa hilo, mwanangu. Nilikuwa binti mwenye madaftari safi na nilimwonea haya mama yangu.

Mji ulipoharibika, watu wakaanza kuondoka. Kulikuwa na mama mmoja mfanyabiashara, maman Zawadi, aliyekuwa anavuka mpaka kwenye daraja la Ruzizi kila mara, akakubali kunivusha. Koko alinisindikiza mpaka darajani kwa miguu. Pale palikuwa na watu wengi, askari, mizigo, watoto wanalia. Alijifungua kitenge chake, akabaki na gauni la ndani mbele ya dunia nzima, akanifunga mimi kiunoni, mafundo mawili. Akakamata mkono wangu akauweka kwenye mkono wa maman Zawadi, na akasema kwa sauti ileile ya kuuzia sambaza:

"Huyu ni mutoto wa Nsimire wa Kadutu, muntu wa maji hii. Simutupi. Nakupatia ye mukono kwa mukono."

Watu waligeuka. Askari mmoja alicheka. Mimi nikamwambia, "Maman, achana, bantu banatuangalia." Nikauchomoa mkono. Nikaanza kuvuka. Nilipofika katikati ya daraja aliniita kwa jina, nikamsikia vizuri sana, nikaendelea kutembea. Sikugeuka. Niliona haya, basi, hakuna sababu nyingine kubwa. Nilidhani nitarudi baada ya muda mfupi na kumgeukia nyumbani, bila watu.

Nilikuwa centre ya wakimbizi hapa Ubelgiji nilipopata habari kwamba amefariki, ugonjwa wa siku chache tu. Tangu hapo, mtu akiniuliza mlima wangu, miguu yangu inaanza kuteremka Kadutu, na mwisho wa njia ile ni daraja. Ndiyo maana nikasema Jette. Gorofa ya nne hakuna daraja.

Nimekupa uzito huu usiku wa kuondoka, najua. Lakini ningekuacha uende mikono mitupu ningekuwa nimekutupa, na sisi hatutupi mtu.

Sasa nisikilize kuhusu huko uendako. Mere hakuficha, na mimi sifichi: wapo wazee kule ambao hawataki kuona mwanamke ameshika patasi kwenye mbao za nyumba yao ya mikutano, na wewe zaidi ya kuwa mwanamke ni mgeni wa mbali. Mere mwenyewe alikaa miaka anafagia na kunoa vyombo vya wanaume kabla ya kuachiwa tezo. Usigombane nao mlangoni kama mimi na sahani yangu. Uliza. Uliza mpaka wachoke, kwa adabu, na ukiambiwa usiguse, usiguse. Lakini usiondoke. Shika ufagio, noa, tazama mikono yao, uliza tena. Wewe una mkono, tangu ule mkunjo wa kwanza nilijua, na mimi si mtu wa kusifu watoto bure. Utakata vibaya, utaharibu mbao nzuri ya watu, utalia. Lia, halafu geuza mbao upande wa pili, anza. Hutarudi hapa na nusu ya kazi. Ukirudi na nusu, mlango nitafungua, chakula nitakupa, halafu nitakuuliza nusu nyingine iko wapi.

Na mimi pia siachi. Jumamosi nitakwenda Gare du Nord kama kawaida. Nina kipande changu kipya, Rawiri anasema mkunjo umeanza kusimama. Griet anasema ananionea huruma tu. Tutaona.

Kuhusu katikati ya ubao: picha ya koko haipo. Usimchonge uso, utachonga uso wa mtu mwingine halafu tutamzoea. Lakini kitenge chake ninacho. Kimepauka, kimeliwa pembeni, kiko chini ya shuka zangu ambapo hukuwahi kuruhusiwa kutafuta, na najua ulitafuta. Kesho nitakifunga kiunoni mwako, mafundo mawili, na utakuwa na safari ndefu ya kuyatazama. Ukitaka kuyachonga, chonga. Ukiona kitu kingine, chonga hicho. Mkono ni wako.

Donc jibu langu la Jumapili nalifuta. Kesho nakuja. Nitasimama katikati ya ile gereji, mbele ya Rawiri na Griet na yule mzee wa Ardennes, na Mere ndani ya simu, na nitasema kwa Kiswahili cha kwetu, siyo hiki cha masista. Nitamtaja Kahuzi, nitalitaja ziwa, nitamtaja maman yangu kwa jina. Nitasema huyu ni mjukuu wa Nsimire wa Kadutu, simtupi, nawapa mkono kwa mkono. Utafsiri vizuri safari hii. Huenda nikalia na pua ikatoka kamasi. Utaona haya. Una haki, hata mimi niliona.

Lakini mkono usiuchomoe.

Halafu tutakwenda wote uwanja wa ndege. Nilisema huwa siwezi viwanja vya ndege, nitaweza. Utapita pale wanapokagua mizigo, na mimi nitabaki upande wangu wa kamba. Nitakuita kwa jina, kwa sauti ya soko la Kadutu, uwanja mzima usikie, na watu watatuangalia, waache watuangalie. Utanisikia vizuri sana.

Geuka, Nsimire.

Ni mimi maman yako,
binti wa Nsimire wa Kadutu